Nota za marehemu nimezikuta kwenye karanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na naomba sana msinikatie katikati, maana hii nimeiandika siku tatu kwenye daftari halafu mjukuu ndo kaichapa kwenye simu, na yeye ana shule.

Mie ni nesi mstaafu, naishi hapa Morogoro. Naimba sauti ya pili kwenye kwaya tangu mwaka 1971 nikiwa na miaka 14, sijawahi kulipwa hata nauli na wala sijaja hapa kudai. Marehemu mume wangu kila Jumanne akiniona najifunga kanga kwenda mazoezini alikuwa ananiuliza, "Hivi mama watoto, hii kwaya nayo ina kiinua mgongo?" Nami namjibu kipo mezani, kale.

Sasa kilichonifanya niandike ni karanga. Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa kituoni nasubiri daladala ya Kihonda, nikanunua karanga za kukaanga kwa kijana mmoja, zile zinazofungwa kwenye karatasi iliyosokotwa. Nikala zikaisha, nikabaki nimeshika karatasi natafuta pa kuitupa, si mnajua vituo vyetu havina pipa, ndo nikaikunjua. Nikaona s, nukta mbili, s, mstari, l, kistari. Nota! Na mwandiko niliujua kabla hata sijasoma kitu, ile f yenye mkia mrefu kama ndoano ya samaki, wino wa bluu, na pembeni herufi T imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, maana yake hii karatasi ni ya Tena, sauti ya juu ya wanaume, Soprano wa sauti ya kwanza asiiguse. Ulikuwa mwandiko wa mwalimu wetu wa kwaya ambaye tumemzika mwaka 2011.

Nikamwita yule kijana, mdogo wangu hizi karatasi umetoa wapi? Akanijibu mama mie nanunua kwa kilo tu sokoni, kwani zina nini? Nikamwambia nipe zote. Akadhani nimechanganyikiwa. Nilinunua sinia zima, vifuko 31, nikaanza kufungua kimoja kimoja pale pale kwenye benchi, karanga namwaga kwenye mfuko wa rambo na kugawia abiria, karatasi nanyoosha juu ya paja. Daladala mbili zilinipita. Konda mmoja akaniuliza bibi unatafuta bahati nasibu?

Nikaja kuulizauliza taratibu zilitokeaje. Kumbe familia ilipohama nyumba waliyakabidhi maboksi ya Mwalimu kwenye stoo ya parokia fulani (sitaji parokia na sitaji mtu, wengine ni wadogo zangu na tunasalimiana vizuri), halafu stoo ikahitajika ya kuwekea spika, yakatolewa nje yale "makaratasi ya zamani". Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Aliyeyatoa alifungua boksi akaona d r m f, akaona ni mahesabu ya mtu asiyejua kuandika, basi.

Na hapo ndo penye maumivu yangu, Mhariri, kwamba mtu amekulia kanisani, labda hata kwaya ameimba, anashika nota mkononi hajui kama ni nota.

Kwa wasiojua, hizi nota zetu sio zile za vichwa vyeusi kwenye mistari mitano. Zetu ni herufi tupu, d r m f s l t, yaani do re mi fa so la ti, nukta mbili zinatenganisha mapigo, kistari maana yake shikilia sauti usiiachie, ka-alama kadogo juu ya herufi maana yake panda, kakiwa chini shuka. Ukishajua do iko wapi basi unajua zote, na do inahama, leo iko huku kesho kule, mwalimu anapuliza kifilimbi chake anakupa "do" mnaanza. Uzeeni ndo nimekuja kujua kwamba huu utaratibu ulianzishwa na mwalimu mmoja wa kike kule Norwich, Uingereza, Sarah Glover, halafu mchungaji John Curwen akauchukua katika miaka ya 1840 akautengeneza na kuusambaza, na sifa nyingi zikaenda kwake kama kawaida. Lengo lao lilikuwa mtu wa kawaida asiye na hela ya kinanda aweze kusoma wimbo. Wamisionari wakauleta Afrika, na kwa kweli ulitufaa, maana hauhitaji karatasi maalumu wala mashine maalumu. Kalamu na daftari la shule tu. Mwalimu wetu alikuwa anaandika kila wimbo mara nne, sauti nne (Soprano ndo ya kwanza, ya pili ya kwetu wanawake wa chini yake, halafu Tena na Besi za wanaume), kwa mkono, na karatasi ya kaboni akiipata. Kwaya ina watu arobaini! Kidole chake cha shahada kilikuwa na sugu ngumu kama ya mtu anayechonga mawe.

Naye hakulipwa, miaka thelathini na kitu. Alikuwa karani wa serikali, saa tisa na nusu akitoka ofisini anapita nyumbani kunywa chai halafu anakuja. Ukichelewa dakika tano unalipa faini shilingi moja kwa mweka hazina, na yeye mwenyewe siku alichelewa kwa sababu ya mvua alitoa shilingi yake kwanza ndo akashika kifimbo.

Kipindi kile kuimba kulikuwa kila mahali. Mwaka 1973 nipo kidato cha pili ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, vipindi redioni, vikundi vya kujisomea kila kijiji, na sie wanafunzi tukapelekwa kuimba nyimbo za kuhimiza watu wachimbe vyoo. Sauti nne kamili, za choo! Besi wanaitikia "chimba, chimba" huku wanacheka. Na kanisani nako ndo mambo yalikuwa mapya mapya, maana kabla ya ule Mtaguso, mkutano mkuu wa maaskofu, uliokaa Vatikano 1962 hadi 1965 sie watoto tulikuwa tunasikia Misa kwa Kilatini hatuelewi kitu (halafu lile neno Kyrie nililodhani ni Kilatini maisha yangu yote kumbe ni Kigiriki). Kikaja Kiswahili, zikaja nyimbo zenye mapigo yetu, na mapadre wetu wenyewe walikuwa wameshaanza kulifikiria jambo hilo, Padre Stephen Mbunga mwaka 1963 alishatoa kitabu kizima kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Ila wa kuyafanya yaimbike huku chini walikuwa hao makarani na walimu wa shule za msingi wenye kifilimbi mfukoni.

Mji wetu huu una sifa ya muziki, kila mtu anajua. Salum Abdallah na Cuban Marimba, Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mbaraka alifariki Januari 1979 na mpaka leo nikiwasha redio namsikia, kwa nini? Kwa sababu kuna santuri. Mwalimu wetu hakurekodi hata kanda moja. Kilichokuwepo ni karatasi, karatasi ikienda kwenye karanga basi amekufa mara ya pili, na sie tuliojua kuzisoma tunapungua kila mwaka.

Na msidhani ni ya kwetu peke yetu. Huu wimbo wa taifa tunaousimamia wote, Mungu ibariki Afrika, muziki wake ulitungwa 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na wa kwaya kule Johannesburg, aliyeandika nyimbo zake kwa nota hizi hizi za herufi kwenye daftari la mazoezi. Alifariki 1905 akiwa kijana tu. Walimu wa kwaya wakawa wanaliazima lile daftari, limerudi, limeazimwa tena, mwisho likabaki kwa ndugu mmoja wa familia, bibi aliyependa ngumi hasa, hakosi pambano, mpaka wakambatiza jina la Bibi Ndondi. Mwaka 1996 serikali ya Afrika Kusini ikalitangaza kaburi la Sontonga kuwa mnara wa taifa, bibi naye akafariki kipindi hicho hicho, na daftari halijaonekana. Kwahiyo wimbo wake mmoja unaimbwa na mataifa, hizo zingine zimekwenda na daftari. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya nusu saa na chai ikapoa.

Turudi kwenye vifuko vyangu 31. Nilivipiga pasi. Kweli, pasi ya mkaa, moto mdogo, kitambaa juu, mafuta ya karanga yakatoka kidogo ila wino haukufutika. Nyingi ni vipande vya nyimbo tulizonazo. Ila karatasi tisa ni za wimbo wake wa maziko, ule ambao hapa Morogoro kila msiba wa mkristo unauimba, lakini tunauimba sauti moja, wote ya kwanza, mpiga kinanda anatuwekea na biti ya nyuma, tu-tsi tu-tsi, marehemu anakwenda kaburini kama anakwenda disko. Sina ugomvi na kinanda jamani, ugomvi wangu ni na ile biti. Basi mie siku zote nilijua ndo ulivyotungwa, sauti moja, maana miaka uliyotungwa sikuwepo, nilikuwa kituo cha kazi Kilosa kuanzia 1979 hadi 1986, nikarudi nikakuta wale waimbaji wengi wamehamishwa, wimbo umebaki huo wa juu tu. Kumbe ulikuwa na sauti nne! Kwenye karanga nimepata Tena yote, kurasa zote. Besi nimepata kurasa mbili. Sauti ya pili, yangu mie, hata mstari mmoja hamna.

Nikakumbuka kuna mama mmoja aliimba sauti ya pili miaka hiyo, saizi anaishi kwa mwanae milimani huko Mgeta, Nyandira. Nikapanda gari linalofuata mboga, asubuhi baridi, nimejifunga mashuka mawili. Nikamkuta amekaa mkekani anachambua maharage. Baada ya salamu na uji nikamwambia shida yangu, akatikisa kichwa, mwanangu hiyo siikumbuki hata kidogo, nimezeeka. Nikamwimbia mwanzo wake, wapi. Tukaongea mengine, watoto, miguu kuuma, bei ya kabichi. Nikakata tamaa nikawa nimeshasimama kuaga, ndo akasema, hebu kaa hapa kushoto kwangu uimbe ile ya kwanza, usiniangalie.

Nikaimba. Kwenye neno la pili sauti ikaingia pembeni yangu, nyembamba, chini kidogo ya yangu, haiyumbi. Aliimba beti zote. Mikono inaendelea na maharage! Nikinyamaza na yeye anapotea, nikiimba anaipata. Akanieleza kwamba hajawahi kuishika sauti ile peke yake hata siku moja, aliijua ikiwa imelalia kwenye ya kwanza tu.

Waimbaji wa sauti ya pili mtanielewa. Hakuna mtu anayefua nguo huku anaimba sauti ya pili. Ni nota tatu nne zinazungukazunguka, s s s f s, ukiiimba peke yako watu wanakuuliza unalia? Mie nimeiimba miaka 38 bila kujua inafanya kazi gani, nikaja kujua 2009 tulipomzika mume wangu. Siku hiyo nilikuwa mkekani na wafiwa, kwaya imesimama nje chini ya turubai, umeme ukakatika kinanda kikazima, wakaendelea mdomo mtupu. Ndo mara yangu ya kwanza kuisikia kwaya yetu mie nikiwa simo ndani yake. Nikasikia pale katikati kuna kitu kimeshikilia ya juu na ya chini visiachane, na nikasikia kimepungua mtu mmoja.

Basi pale Nyandira mjukuu alirekodi kwenye simu, mie nikiwa kama Soprano wa bandia, na nimeshaihamishia kwenye herufi, nimeandika nakala nne kama Mwalimu.

Saizi kwenye kwaya nyingi mwalimu anatuma sauti kwenye grupu la WhatsApp, hii ya Tena, hii ya Besi, mnasikiliza mkiwa kwenye daladala, mkifika mazoezini mmeshaikariri. Ni kitu kizuri, mie mwenyewe nasikiliza huku napika. Ila ukipoteza simu umepoteza besi. Na anayekariri anajua nyimbo alizotumiwa, hizo hizo, umpe karatasi ya wimbo asiousikia atakuangalia tu. Walimu wa muziki wanaofundishwa vyuoni wapo, Butimba pale Mwanza wametoa wengi, Bagamoyo wapo, Makumira kule Arusha watu wanasoma mpaka digrii, lakini shule ya msingi ya mtaani kwangu haina hata mmoja na simlaumu mwalimu mkuu, ana madarasa ya watoto tisini.

Ndo maana Jumamosi saa tisa mchana nina watoto kibarazani kwangu, kumi na wanne wakijaa. Nimechora ngazi kwenye mlango wa stoo kwa chaki, do chini do juu, nagusa kwa mwiko wanaimba, nikiruka kutoka d kwenda l wanapiga kelele za kulalamika. Nusu yao wanafuata maandazi, najua sana, na mimi nilianza kwaya kwa kupenda sare. Kuna kijana mmoja wa miaka kumi na moja anakuja na kofia yake moja kwa moja kutoka madrasa, ni mtu wa kaswida, sikio lake kali kuliko wote, nikikosea nusu sauti ananiambia "bibi, umeshuka". Mama yake alikuja kwanza kuuliza tunaimba nini, nikamwambia Jumamosi hapa hamna wimbo wa kanisa, tunasoma wimbo wa taifa na nyimbo za watoto, akakaa akasikiliza, wiki iliyofuata akaleta mchele wa vitumbua. Mwezi uliopita yule kijana alisoma ukurasa mzima wa Tena ya Mwalimu, la la la bila maneno, ule wenye doa la mafuta, hajawahi kuusikia popote, aliusoma tu kama mtu anasoma gazeti lako.

Kwahiyo Mhariri ombi langu kwa wasomaji ni dogo. Mzee wa kwaya akifariki, kabla ya kugawana vyombo, fungueni maboksi. Mkikuta daftari lina herufi na nukta mbili msiliuze kwa kilo, pigeni picha kila ukurasa kwa simu, dakika ishirini tu, halafu mpeni mtu anayejua kusoma. Maafisa utamaduni wa halmashauri nao, nawasalimu, kabati moja la chuma lenye kufuli halishindi bajeti ya semina. Na wachungaji, mapadre, wenyeviti wa kwaya, stoo zenu jamani.

La mwisho ni la binafsi. Besi ya ule wimbo wa maziko imeishia katikati, ukurasa wa tatu kuna mtu alikula karanga zake kabla yangu akautupa. Kwenye mapigo nane ya mwisho sauti tatu zinakwenda mpaka mwisho, Besi wetu wanasimama kwenye do wanaguna "mmm" wanasubiri wenzao wamalize. Mmoja amejaribu kutunga ya kwake, hapana, inagombana na Tena. Mlioimba besi Morogoro mjini kati ya 1979 na 1986, najua mlihamishwa, wengine mpo Dodoma, wengine Ifakara, wengine Dar mmeshakuwa mababu. Mkisoma hii njooni Jumamosi yoyote, au piga simu kwa mhariri ana namba yangu. Msiniambie mmesahau. Njooni tu mkae, tutawaimbia hizo tatu.

Msomaji wenu,
Sauti ya Pili, Morogoro